Dawa Yake Kushuka

Nimerudi juzi, na bado nahesabu pumzi za watu.
Kwenye foleni ya maji hapa Mikindani
namtazama jirani, mbavu zinavyopanda na kushuka,
najikuta nazihesabu: kumi na sita kwa dakika.
Mzima. Mgomvi. Ndoo tatu.

Koti nimelianika dirishani.
Nililinunua Kongowea, chini ya fungu la mashuka,
mia nne, baada ya sote wawili kuapa tumeonewa.
Kwa ndani limeshonwa jina: HELGA.
Wapagazi waliliona, wakaniita hivyo wiki tatu,
Helga wa Mombasa,
muuguzi aliyekwenda kutibu watu wa baridi
na hawezi kufunga zipu akivaa glavu.

Mama aliuliza mara moja tu, akichagua mchele:
"Walikulipa?"
"Nilijitolea, Mama. Walinipa hema na chakula."
"Chakula gani?"
Nikamwambia. Akaguna.
Kisha, bila kuinua macho kwenye ungo:
"Kuna aliyekufia mikononi?"
Nikasema la. Ni kweli, ila si yote.

Mita elfu nne na mia mbili.
Huko hewa ni ile ile, walitufunza, ila imekonda
kama uji wa mwisho wa mwezi.
Maji huchemka kabla chai haijakolea.
Usiku wetu wa tisa Kiambi alikuja mwenyewe hemani,
akasema ni jino tu.
Mpagazi haumwi kichwa.
Akiumwa kichwa, mzigo wake hupewa mwingine, na ujira wake.
Nikambana kidole kwa kile kibanio:
sitini na nne.
Nikalaumu baridi. Nikamsugua kidole, nikabadilisha betri.
Sitini na mbili.
Nikamwambia atembee, kisigino kwa ncha ya kidole,
kama anayepita juu ya uzi.
Akacheka. Hatua mbili, akakaa chini kwa adabu,
kama mgeni aliyekaribishwa mkekani.

Nikaweka sikio mgongoni pake.
Sauti ile naijua tangu utotoni,
maji yanavyorudi polepole kwenye matundu ya kaa.
Mtu anazama, juu ya mlima,
na bahari iko mbali siku mbili.

Mitungi ya oksijeni ilikuwa mmoja na nusu.
Daktari Nyawira alikuwa ameshavaa viatu.
Dawa yake kushuka, alisema,
na si kesho.

Watu sita, machela moja, taa za vichwani.
Theluji haikutusumbua, matope ndiyo yaliyotutesa.
Mimi ubavuni na mtungi, nikisoma namba kwa sauti
ili wabebaji wajue wanabeba nini:
sitini na nane.
Sabini. Sabini. Bado sabini.
Mmoja akateleza, akatukana kwa Kimeru, akaomba radhi.
Sabini na tano.
Alfajiri, penye mianzi, themanini na tatu,
Kiambi akafumbua macho, akafoka:
"Viatu vyangu viko wapi?"

Tulikuwa tumevisahau.

Jana alipiga simu.
Wamemkataza mlima, hata wa kutembea tu.
Akauliza, bandarini kwenu hakuna kazi ya kubeba?
Nikamwambia siku hizi bandarini wapagazi ni mashine.
Akanyamaza.
Nikamsikia anavyovuta hewa, kumi na nne, safi,
mapafu makavu kabisa, na hayana kazi.
Hili ndilo sikumwambia Mama.

"Njoo hata hivyo," nikasema.
"Huku hakuna pa kushuka tena."
Alicheka kidogo. Hakusema atakuja, hakusema haji.

Koti limekauka, linanuka moshi na chumvi.
Leo nalirudisha Kongowea.
Yule mwenye fungu ataapa halimfai,
nami nitaapa,
mpaka anitolee viatu vya mtu mwingine,
vya ngozi, soli nzima,
namba arobaini na mbili.