Kona ya Kushoto

Rusayl, saa nane mchana, karakana namba kumi na saba.
Nje, boneti ya gari ingekaanga yai.
Ndani, mimi na jiwe la wali na nguru
lililolala siku arubaini
kwenye nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
na kazi yangu ni kuliamsha
kwa dakika sita
bila kulikasirisha.

Mkataba unasema: trei mia tatu kwa saa,
chakula cha zamu ya usiku, bandari ya Sohar.
Hausemi neno juu ya tabia ya barafu.

Barafu haina habari na mawimbi.
Yanaipita kama mgeni anayekatiza uani
asiyekaribishwa hata kahawa.
Maji ndiyo yenye masikio.
Tone moja likiyeyuka, pale ukingoni,
linadaka joto, linaita jirani yake,
na mwenye nacho anaongezewa:
ukingo unatokota, unakauka, unakuwa soli ya kiatu,
na katikati nguru yu vilevile,
mgumu kama deni la ndugu.

Jaribio la kwanza niliongeza nguvu.
Haraka haina baraka, ndiyo, najua,
lakini mteja hanunui methali.

Jaribio la tisa nikalowesha karatasi za risiti,
nikazitandaza sakafuni mwa tanuri, nikawasha.
Madoa meusi yakajitokeza:
doa, weupe, doa, weupe,
sentimita sita na kitu baina yao,
kama karani aliyegonga mihuri huku anasinzia.
Nikaibandika ukutani. Hiyo ndiyo ramani ya adui.

Anayekula majaribio ni Biju, fundi wa kuchomelea,
mtu wa Thrissur, miaka kumi na nne hapa.
Hula kwa kuzunguka, kijiko kikipiga hodi kwanza,
kisha hutoa hukumu kwa Kiarabu chake cha sokoni:
"Mhandisi Raayda, hapa moto. Hapa moto.
Hapa Urusi."

Nyumbani, Sib, mama hutoa boko boko la barafu
tangu adhana ya alfajiri,
hulifunika kitambaa, akaenda zake.
Hajui mawimbi. Ana asubuhi nzima.
Mimi nina dakika sita.

Na baba.
Baba alishuka hapa mwaka sabini na tano na sanduku la bati.
Ukingo wake ulizoea upesi:
anawatania wauza samaki,
anajua kila njia ya mkato hadi Barka.
Katikati, sijui. Hatupabishi.
Lakini sitaki kumlinganisha baba na trei ya wali.
Ninasema tu kwamba nilimtazama akinywa uji,
funda, kituo, funda, kituo,
na kesho yake nikapunguza nguvu.

Sasa linatangulia wimbi refu,
la sentimita thelathini na tatu,
linalofika kiini kabla ya kugusa mlango.
Halafu lile fupi, kwa vipande:
sekunde nane kusema, nne kunyamaza,
na katika ule unyamavu
joto linatembea lenyewe, kwa miguu,
kutoka punje hadi punje.
Trei nayo nimeiinua kitovu,
wali ukawa mwembamba pale kati.
Kiini kisichoiva, nimekiondolea makazi.

Jaribio la arubaini na moja. Vipimajoto vinane.
Sabini na mbili, sabini na nne, sabini na moja,
sabini na tatu, sabini na mbili, sabini na tano, sabini.
Wa nane ni kona ya kushoto:
hamsini na nane.

Biju akaanza na hiyohiyo, makusudi.
Akatafuna. Akatazama dari.
"Urusi," akasema, "imehamia Uturuki."

Nikacheka hadi miwani ikafanya ukungu.
Kisha nikaichukua bisibisi.