Mara ya Kumi na Tisa

Darkhan, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na mimi natoka jasho viganjani.

Nimekufa mara kumi na tisa tangu saa mbili.
Kwenye ngazi. Kwenye mlango wa ghala.
Nikibadilisha magazini. Nikiwaza nibadilishe magazini.
Mara moja nimejilipua mwenyewe: bomu limegonga fremu ya dirisha
likarudi miguuni pangu kama mbwa anayemjua bwana wake.

"Nimekufa!" napiga kelele.
Nyuma ya pazia mama anashtuka usingizini:
"Nani amekufa?"
"Mimi, mama. Lala."

Mchana mimi ni fundi wa boila, mtambo wa joto wa mji.
Mikono hii hufungua koki iliyoshikwa na kutu,
hujua kwa kugusa tu bomba lipi limechoka.
Usiku mikono hiyo hiyo
haiwezi kusogeza kipanya chepesi kama kipande cha sabuni
kutoka bega la mtu hadi kichwani mwake.

Hulan, mtoto wa jirani, miaka kumi na mitatu,
hutumwa kwetu kuleta maziwa, akakaa
kutazama ninavyoaibika.
"Mjomba, unatembea unatazama sakafu.
Umedondosha nini?"
Akanishika mkono, akaupandisha vidole viwili.
"Weka shabaha pale kichwa kitakapotokea.
Usingoje aje ndipo uanze kumtafuta.
Na usipige huku unakimbia. Simama. Halafu piga."

Simama, halafu piga.
Nimeandika kwenye kadibodi, nimebandika chini ya skrini,
juu ya bili ya umeme.

Nusu saa kila alfajiri, kabla ya zamu,
napiga vibao visivyojibu, mia mbili, mia tatu,
hadi kiwiko kinalia.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
nikainama nyuma ya pipa.
Wakanipiga nimeinama.

Mwezi mzima, Shaba ya Pili.
Jumatatu moja, Shaba ya Kwanza! Nikanunua keki.
Alhamisi, Shaba ya Pili; keki ilikuwa haijaisha.
Kijana fulani, sauti bado haijavunjika, akaniuliza kwa Kirusi
kama nachezea miguu.
Sikumjibu. Swali lilikuwa la haki.

Mdogo wangu Tumur yuko Ansan, Korea,
kiwanda cha vioo vya magari, mwaka wa sita sasa.
Kwenye simu tunaongea: baridi, pesa imefika, mama hajambo,
basi. Kimya kinakaa katikati yetu kama mgeni asiyeaga.
Lakini Jumamosi usiku, ndani ya ghala ambalo halipo popote,
ananong'ona: "Nipo nyuma yako. Kushoto. Twende."
Kila mara hubaki peke yake, mmoja kwa watatu,
na mimi niko sakafuni zamani, natazama kwa macho yake
anavyokata kona, anavyohesabu pumzi.
Nataka siku moja ageuke anikute wima.

Jana. Raundi ya mwisho. Mtandao ukasuasua, ukatulia.
Nyayo upande wa pili wa ukuta, kokoto mbili.
Shabaha ilikuwa tayari pale,
vidole viwili juu ya mazoea yangu.
Nikasimama. Nikapiga.
Akaanguka mmoja.
Wa pili akaniua kabla sijafurahi.

Tukashindwa, kumi na tatu kwa nne.
Tumur akanyamaza, kisha akasema,
"Kaka, ulisimama."
Halafu, bila kuulizwa, akaanza kunisimulia
bega lake, ambalo tangu Oktoba haliinuki,
na msimamizi anayemwita kwa namba,
na chumba cha watu wanne chenye dirisha moja,
na hakuna aliyekumbuka kubonyeza kitufe cha kuendelea
hadi mchezo ukatutoa nje sote wawili
na tukabaki tunaongea.