Sabini na Tatu

Barafu haijui sheria. Ukishaipakia Nyakato
inaanza kukuaga, tone kwa tone,
na Kayenze bado mbali, na sangara wa watu
wamelala mitumbwini midomo wazi.
Basi nakanyaga. Sikatai. Nakanyaga
kadiri kirikuu changu kinavyoridhia,
na kirikuu changu ni rika moja na binti yangu Kabula
anayeingia kidato cha tatu.

Nyamhongolo, saa tatu kasoro, afande wa kike
akachomoza nyuma ya kibanda cha mkaa na tochi yake.
"Sabini na tatu," akasema. "Hapa ni hamsini."
Nikacheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza.
Elfu thelathini, na namba ya malipo ndefu kama deni la ukoo,
na huku nyuma maji yanachora mstari kwenye lami.

Wenzangu wakasema: lipa, Masunga, yaishe.
Mke wangu akasema hivyo hivyo, kwa sauti ya chini zaidi,
ndiyo iliyouma.
Lakini sabini na tatu! Kirikuu! Na mzigo! Na kilima!
Nilikuwa kama mzee aliyesingiziwa mimba:
nimekasirika,
na kidogo, ndani kwa ndani, nimefurahi.

Wakili Nyanzobe ana ofisi juu ya duka la nyavu,
ngazi za chuma, feni isiyozunguka.
Hakuuliza kama nina haki. Aliuliza uzito wa barafu.
Aliuliza jua lilikuwa upande gani.
Aliuliza nani alikuwa ananipita.
"Na mshale wa spidi ulisoma ngapi?"
Mshale ulikufa mwaka ule wa mafuriko, nikamwambia.
Akaweka kalamu chini.
"Hilo, ukiulizwa, sema kweli.
Usipoulizwa, meza mate."

Tuliitwa mara tatu. Mara ya kwanza faili halikuonekana.
Mara ya pili hakimu alikuwa msibani Sengerema.
Mara ya tatu nilivaa shati la harusi ya mdogo wangu,
na Kayenze wakanunua barafu kwa mtu mwingine.

Nyanzobe akasimama. Mfupi, viatu vya raba chini ya joho.
"Mheshimiwa, naomba picha."
Ikaletwa, ya kijivu, ya ukungu:
kirikuu changu pembeni, kimeinama kama punda mwenye mimba,
na katikati kabisa, pale penye alama ya msalaba,
ubavu mweupe wa gari kubwa la vioo vyeusi
likinipita.
"Tochi ilimwona nani?"
Afande akatazama picha. Akatazama dari.
"Na kwa nini akasimamishwa huyu?"
Hilo halikujibiwa. Hata hakimu hakulidai jibu.
Akaandika, akaandika, akaniambia niende.

Hesabu: thelathini nimeokoa.
Wakili hamsini, akanipunguzia kumi,
kisha akataka barafu ya kipaimara cha mwanawe.
Nauli. Siku tatu. Mke wangu aliyaandika yote
nyuma ya kalenda, akapiga mstari, akaenda kuchambua mchele.
Sina la kujitetea. Nilitaka tu mtu mwenye muhuri
aseme kwa sauti kwamba hakuwa mimi.

Jana nimepita Nyamhongolo, arobaini, labda hamsini
(mshale bado marehemu).
Afande yule yule akanyoosha mkono. Moyo ukaniruka.
Akaja dirishani, jasho shingoni,
chupa ya maji ya moto mkononi.
"Masunga," maana sasa analijua jina langu,
"nivunjie kipande."

Nikashuka. Nikashika nyundo. Nikasita.
"Afande, hii ni rushwa au ni kiu?"

Akafikiri. Kwa kweli akafikiri.
Nyuma yetu gari jeupe likapita, vuuu,
vumbi likatua juu ya barafu,
na tochi ilikuwa inaning'inia begani pake,
imezimwa.