Inchi Kasoro Thumuni

Torvald ameziweka tatu kaunta, juu ya gazeti la jana,
silinda kuu tatu, nyeusi, zingali na grisi ya kiwandani,
zinafanana kama watoto wa tumbo moja
mpaka uzichungulie ndani, pale pistoni inapopita.
Inchi na thumuni. Inchi kamili.
Na ile ya mwisho, inchi kasoro thumuni,
ambayo ameisogeza pembeni kwa kidole
kama mtu anavyotenga mwiba wa samaki.

"Sixten angechukua kubwa," anasema.
Nje, Borlänge nzima inakwanguliwa theluji.
Sixten, ndiyo. Kaka yangu alikuwa na mapaja ya mkata miti,
alikanyaga pedeli kama anayeua nyoka.
Mimi nina goti la chuma, la miaka miwili,
nililotiwa na daktari kijana wa Falun
aliyenionya nisipige tena magoti kanisani.

Nikauliza kijinga, makusudi:
tumbo pana si ndilo lenye nguvu?
Akacheka, akachora kwa penseli ukingoni mwa gazeti.
Pana husukuma mafuta mengi kwa safari fupi,
ila hudai mguu mzito.
Jembamba huridhika na mguu mwepesi,
lakini hukudai njia: pedeli itashuka, itashuka,
nawe usitishike, ushuke nayo.

Kuna jambo sikumwambia Torvald.
Kiangazi cha harusi ya Gunhild, kwenye mteremko wa Rättvik,
bomba la nyuma lilipasuka,
na kwa kuwa silinda ya zamani ilikuwa na chumba kimoja,
kikombe kimoja, roho moja,
breki zote nne zilikufa pamoja.
Sixten aliizamisha Plymouth katika shamba la shayiri la watu.
Akashuka, akachomoa suke kwenye kibao cha namba, akanipa.
"Mama asijue."
Tangu siku hiyo, miaka thelathini na mmoja,
alipampu mara tatu kabla ya kila kona,
hata akiwa abiria,
hata kitandani hospitalini, chini ya shuka,
mguu wake wa kulia ulikuwa ukipampu.

Jifya moja haliinjiki chungu.
Hizi za sasa zina vyumba viwili,
kimoja kikivuja kingine kinakusimamisha,
kwa shida, kwa kelele, lakini kinakusimamisha.
Hapo sikuwa na swali.

Swali lilikuwa kilango.
Ndani ya ile ya zamani mlikuwa na kilango
kilichobana ratili kumi za mkazo mabombani
hata mguu ukishaondoka. Ngoma hupenda kushikwa hivyo.
Diski hazipendi. Ukizishikilia, pedi zinasugua njia nzima,
gurudumu linachemka, unafika nyumbani na harufu
ya kitu kilichokataa kuachia.
"Weka cha ratili mbili," alisema,
"maana silinda yako iko chini ya sakafu,
na mafuta, kama sisi, hutelemka."
Ratili mbili. Nilikaa na hesabu hiyo kwenye treni.
Tulipopita Rättvik shamba lilikuwa jeupe tupu.
Kushikilia kiasi cha kutorudi nyuma, basi.

Nilikuwa nimenunua ndogo. Nilikuwa nimenunua kasoro,
na risiti yake, mfukoni mwa koti.

Aprili, changarawe ilipoanza kuonekana,
nikaitoa Plymouth bandani, mwendo wa kutembea.
Mbele, sanduku la barua lenye jina lake
ambalo sijalibandua.
Nikakanyaga. Pedeli ikashuka,
ikapita pale ambapo mguu wa Sixten ungekuwa umeshagoma,
vidole viwili zaidi, vitatu,
goti kimya,
kisha, chini huko, kitu kikaitika.

Nikarudi nyuma, nikajaribu tena.
Mguu ulitaka kupampu.
Nikaukataza.