Kabla Sijakukabidhi Funguo

Kaa, Tou. Kahawa ingali moto.
Funguo ziko kumi na tisa,
na mbili kati yake hazifungui kitu.

Huu wa shaba, uliolika meno,
ni wa nyumba ya mbao ya mwaka 1912:
vyumba vinne katikati ya bonde hili la California,
juu ya shamba la lusini
ambalo mzee Manuel Avila aliimegea wilaya
kwa sababu bintiye Deolinda alichoka
kwenda shule ya mbali kwa treni ya maziwa
na kurudi ananuka jibini.
Wanafunzi kumi na mmoja. Walimu wawili,
wa pili akiwa pia mpiga kengele na mwasha jiko.
Nyumba iliungua. Mlango umekwenda, ufunguo umebaki.
Usiniulize kwa nini sikuutupa.

Huu mrefu ni wa jengo la matofali.
Lilikuwa na ghorofa mbili na mnara,
mpaka ardhi ilipotikisika kule kusini
wakaja watu wa serikali na timazi zao,
wakatikisa vichwa.
Ghorofa ya juu ikashushwa tofali kwa tofali.
Angalia ngazi pale karibu na ofisi:
zinapanda hatua saba, zinakutana na dari.
Kila mwaka kuna mtoto mgeni
anayetumwa na wakubwa akachukue chaki juu.

Huu mdogo ni wa kabati namba themanini na nane.
Niliukuta ndani ya bahasha ya Orville Stidham,
aliyenitangulia kazi hii, mtu asiyependa maneno.
Juu ya bahasha: *H. Morinaga. Atarudi.*
Masika ya arobaini na mbili waliitwa kituo cha basi
wanafunzi thelathini na mmoja, kila mtu na alichoweza kubeba,
wakapelekwa kambini, nyuma ya seng'enge,
kwa kosa la kuwa na mababu wa Kijapani.
Picha ya darasa mwaka ule ina mapengo
kama kinywa cha mtoto anayeng'oa meno.
Orville hakumpa mtu kabati lile.
Hatsuye alirudi, naam,
akiwa na miaka themanini na moja, kuchukua cheti.
Nilimpeleka mwenyewe. Kitabu cha jiometri,
penseli, ganda la chungwa lililogeuka ngozi.
Alicheka. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Vile vibanda vya upande wa magharibi
vililetwa na malori, sitini na moja. Vya muda, walisema;
miaka mitatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
vikapewa hesabu, vikapewa ushonaji, vikapewa kwaya,
na mwaka wa themanini na tatu, chumba cha saba,
vikapewa watu waliovuka Mekong usiku.
Mama yako aliketi dirisha la pili.
Aliniuliza, kwa vidole, joto huzimwa wapi.
Lilikuwa swali zuri. Sijalipatia jibu hadi leo.

Huu wenye kutu ni wa bwawa la kuogelea.
Kodi ilipokatwa, na maji yakakatwa; likajazwa mchanga.
Unaegesha gari juu yake kila asubuhi.

Jengo jipya la sayansi halina ufunguo, lina kadi.
Wapiga kura walilikataa mara tatu,
mara ya nne likapita kwa kura tisa.
Nawajua sita. Wa saba namshuku.
Sasa tuna wanafunzi elfu mbili na mia tatu,
na vyoo, nakwambia, vya elfu moja.

Kitu kimoja. Kila Machi, nyuma ya majukwaa ya uwanja,
lusini huchomoza penye ufa wa lami.
Watakuletea dawa ya kuipulizia, na fomu ya kusaini
kwamba umepulizia.
Mimi nilikuwa nasaini.

Haya, chukua. Huo wa ofisi hugoma:
uinue kidogo kwanza, ndipo uzungushe.