Kulia Kwake, Kushoto Kwangu

Miaka thelathini na moja niliendesha tramu mjini Brno,
na katika miaka yote hiyo sikukata kona hata moja
ambayo reli haikuikata kabla yangu.

Ndiyo maana, wiki ya pili ya kustaafu,
nikasimama mbele ya dirisha la duka la Radoslava,
theluji ikinilowesha ukosi,
nikiikodolea macho ile nyekundu:
mapanga marefu kama mkono wangu,
mkia mweusi, mwembamba,
bei yake pensheni ya miezi miwili.

“Ile,” nikasema.
Hakuinua macho kutoka kwenye waya aliokuwa akiulehemu.
“Umewahi kurusha nini?”
“Sijawahi.”
“Hata tiara?”
“Hata tiara.”
“Basi ile itakukata kidole, halafu itakukata tamaa.
Sijui utaanza kulilia kipi.”

Akaniwekea kwenye kaunta kidude
ambacho ningekifunika kwa kofia.
Mapanga jozi mbili, moja juu ya nyingine,
hii ikizunguka huku, ile kule,
kama wanandoa wazee waliozoea ubishi:
kwa kuwa hawakubaliani, nyumba haipinduki.
“Ile ya dirishani,” akasema, “inataka kuanguka
tangu inapoacha ardhi; kazi ya rubani ni kuikatalia.
Hii yenyewe inataka kutulia. Uiache.”

Nikauliza inafika juu kiasi gani, inakimbiaje.
Akanijibu nisiyoyauliza:
vipuri viko droo ya tatu;
panga likivunjika, na litavunjika, ni bei ya kahawa;
nunua betri tatu, moja inakupa dakika saba
kisha saa nzima ya kuitazama chaja.
Na usirushe nje.
Upepo haujui kwamba wewe ni mwanafunzi.

Nikalipa kwa uso uliokunjamana.

Mara ya kwanza ilipanda ikagonga taa.
Mara ya pili ikatua katikati ya mpungate wa Drahomíra.
Mara ya tatu ikaserereka hadi chini ya kochi.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
niliinama, magoti yakalia,
nikaitoa pamoja na kifungo cha koti la kazi
na hereni iliyotugombanisha mwaka juzi.
Drahomíra akaipokea, akaivaa, akaendelea kufuma.

Kufikia Jumatano iliweza kuelea juu ya zulia,
mkia ukinielekea mimi, tulivu kama nyuki anayefikiri.
Nikadhani nimefuzu.
Kisha nikaigeuza pua initazame.

Hapo kila kitu kikaasi. Nikisema kulia, inakwenda kushoto.
Nikiirekebisha, inazidi. Ikaupiga ukuta, panga likaruka.
Mwisho wa laini yetu palikuwa na kitanzi cha reli,
tramu iligeuka yenyewe, mimi nikinywa chai ya chupa.
Sijawahi kuendesha kitu kinachonikabili.

“Kinachokutazama,” alisema Drahomíra akihesabu vishono,
“kulia kwake ni kushoto kwako.
Mimi nimekaa kiti hiki miaka arobaini
nikikwambia chumvi iko kulia,
nawe unanyosha mkono kwenye sukari.”

Sikumjibu. Nilikuwa nabadilisha panga.

Jumamosi nikapita dukani; dirisha tupu.
Radoslava akasema ile nyekundu ilichukuliwa na kijana fulani,
na amesharudi mara mbili kununua mkia.
Sikufurahi. Labda kidogo.
Nikaenda mwenyewe droo ya tatu.

Usiku huu nimeigeuza tena.
Imekuja usawa wa macho yangu, pua kwa pua,
ikinipulizia upepo mdogo wenye harufu ya plastiki iliyopata moto.
Nawaza: kushoto, yaani kulia, yaani kwake.
Vidole vinasubiri wafikiri kwanza, navyo havijazoea kusubiri.

“Kumi na moja,” anasema Drahomíra.
Sikujua kwamba alikuwa anahesabu sekunde.
Nikageuka kumtazama,

na ile ikaenda zake mpungateni.