Tuta la Theluji

Ilikuja kwa posta, bahasha ya kahawia bila jina la mtumaji,
ndani yake vipimo vya mto chini ya kiwanda cha karatasi:
miezi kumi na minne ya zebaki, safu kwa safu.
Nilikutana na aliyeituma. Mahali sisemi.
Tulikunywa kahawa, au hatukunywa.

"Unamjua?" aliniuliza mhariri, Solveig Hammarbäck.
Namjua.
"Ana kinyongo na bosi wake?"
Anacho.
"Na maji?"
Nilikinga chupa tatu kwa mkono wangu, zikapimwa Umeå.
Akavua miwani.
"Basi kinyongo ni chake. Zebaki ni yetu sote."

Nikaandika, na kuandika kukawa kufuta.
Mfanyakazi wa maabara: nikafuta maabara.
Wa zamu ya usiku: nikafuta usiku.
Mwenye miaka mingi kazini: miaka nayo ikaenda.
Solveig akapita na kalamu yake, akaondoa
hata kikohozi nilichokisahau katika aya ya tatu.
Akabaki mtu.
Mtu, neno lisilo na sketi wala ndevu.
(Wala msidhani nimewapa kitu:
hayo niliyofuta, hapa pia nimeyabadilisha.)

Uswidi sheria hii imesimama kichwa chini miguu juu.
Kwingine jaji humfunga mwandishi anayenyamaza;
huku anayeweza kufungwa ni anayesema.
Nilipewa kijitabu chake siku ya kwanza kazini,
nikakifanya kisahani cha kikombe.

Kiwanda kilitozwa, kikaomba radhi, kikafunga bomba.
Kisha kikaanza kutafuta.
Ofisi ya serikali ingekatazwa hata kuuliza,
lakini kiwanda ni cha watu binafsi,
na wenyewe walisema hawamtafuti mtu.
Walifuta tu nafasi ya Yngve Stålnacke, mpakia marobota,
aliyewahi kuuliza maswali mengi mno kwenye kikao cha chama.

Alikuja gazetini mwezi wa Februari, kofia mkononi,
theluji ikimyeyukia mabegani.
"Sikuombi jina," akasema.
"Andika mstari mmoja. Si Yngve.
Maneno mawili, dada. Unaandika maelfu."

Nilitazama maji yakitona zuliani.
Wanaoweza kufungua kabati lile ni wachache.
Nikimwambia huyu si wewe, kesho atakuja wa pili,
naye nimwambie si wewe, na wa tatu,
hadi siku nitakaponyamaza mbele ya mtu mmoja,
na kunyamaza kule kumtaje.
Hayo sikuweza kumweleza Yngve.
Nilimwambia, "Siwezi kukusaidia,"
kama karani wa benki.

Usiku ule nilimpigia yule mtu, nikaomba ruhusa.
Simu ikapumua kwa muda mrefu.
"Nimesikia habari za Yngve," ikasema. "Hapana."
Sikumlaumu.
Nilimlaumu.
Nilikaa jikoni na vyote viwili hadi kukacha.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Hakuna anayeuliza kata inalalaje,
imetundikwa ukutani, imejaa hadi ukingoni,
imekatazwa kuinama.

Sasa Yngve anaendesha gari la manispaa la kusukuma theluji.
Saa kumi na moja alfajiri taa yake ya chungwa
inapita darini kwangu, juu ya kitanda.
Kwa jirani yangu Folke anasafisha hadi kizingitini.
Akifika kwangu ananyanyua ubapa wa chuma, kidogo tu,
anaacha tuta langoni,
la kufika magotini, zito kama saruji mbichi.

Navaa buti, nachukua beleshi.
Hii ni baridi ya tatu, mgongo umeanza kunisema.
Solveig ananihimiza nipige simu manispaa,
ni dakika moja tu, nilalamike.

Wataniuliza: dereva gani?